Utani Ulipopandishwa Kwenye Kipaza Sauti

Watu wakisikia nimestaafu hucheka, kwa kuwa hata ndevu zangu bado zinaomba ruhusa ya kutoka. Lakini ndiyo hivyo. Nina miaka ishirini na tano, na sikio langu la kushoto lilistaafu tangu mwaka jana. Mimi nimelifuata tu. Daktari aliniambia, kwa sauti ya juu ili nimsikie, kwamba nikiendelea kukaa chini ya ile pembe, la kulia nalo litaaga. Basi kazi nimeirudisha kwa mwenyewe, na kabla sijaenda kutunza minazi ya mama yangu kule Moa, nawaandikia ninyi wawili mliochukua nafasi yangu. Nimesoma mpaka darasa la nne. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Habari za mshahara siandiki. Mtauona, na hautawachukua muda mrefu kuutazama.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na minane. Bwana Gulamali, mwenye duka la redio pale Ngamiani, alinipokea kwa swali moja.

"Unaweza kupanda mnazi?"

Nikamwambia mimi Mdigo wa Moa, nilipanda mnazi kabla sijajua kutembea vizuri.

"Basi wewe ni fundi wa umeme," akasema, akanikabidhi kamba.

Maana siku zile ufundi wenyewe ulikuwa huo. Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu cha kukodi mtaani petu, nacho kilikuwa na sehemu nne: maiki ya kusemea, mashine nzito kama mtoto aliyenuna, betri ya gari, na pembe kubwa ya bati inayofungwa juu ya mnazi ili sauti iende mbali. Mashine ina taa ndogo za kioo ndani yake, na haitoi neno mpaka taa hizo zipate moto. Hesabuni mpaka mia, polepole, wala msiichokoe. Betri ndiyo kinyume chake: huanza na nguvu zote kisha hufa katikati ya maneno, mara nyingi mtu anapofika kwenye "na jambo la mwisho kabisa". Maji ya betri yanakula nguo. Suruali zangu tatu zina matundu mahali ambapo sitapataja, na nilipata kuhudhuria Krismasi nzima ya Walutheri nikiwa nimeegemea ukuta.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa harusi ya Tongoni. Nilifunga pembe vizuri, nikashuka, nikamwekea maiki mwimbaji, nikawasha, nikahesabu mpaka mia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maiki na pembe hazitazamani uso kwa uso. Ulitoka mluzi ambao sijausikia tena maishani, na sasa sitausikia. Mbuzi wa karamu walikata kamba. Bibi harusi alitoka ndani kabla ya wakati wake, hina haijakauka. Wazee wakasema hata wale waliozikwa kwenye magofu ya kale ya Tongoni siku hiyo waligeuka ubavu wa pili. Bwana Gulamali alikuja taratibu, akaigeuza maiki kwa kidole kimoja, akaniambia, "Kifaa hiki kikisikia sauti yake chenyewe, kinapiga kelele. Na watu wako hivyohivyo." Nilidhani anatania. Nilikaa miaka mitano kabla ya kujua hakuwa akitania.

Alikuwa na kanuni moja tu, akiirudia kila tunapopakia vyombo kwenye mkokoteni: "Sisi tunatoa sauti. Maneno ni ya wenyewe." Nami nilifurahi sana kuwa mtu wa sauti. Nikiwa juu ya mnazi nilikuwa na ndoto kwamba siku moja nitatundika pembe kutoka Horohoro mpaka Pangani, na asubuhi moja pwani nzima itaamkiwa kwa pamoja, na wote waitikie marahaba kwa pamoja. Msinicheke. Juu ya mnazi upepo ni mwingi, na kichwa huwa chepesi.

Sasa niwajulishe wazee wawili, maana bila wao sina la kuwaachia ila habari za betri.

Mbele ya duka la Bwana Gulamali kuna benchi. Redio ya dukani ikisoma habari asubuhi, watu hukaa hapo wasikilize bure. Kwenye benchi lile walikuwa wakikaa Mzee Petro, Mnyamwezi na Mkatoliki, aliyekuja kukata mkonge ujanani na sasa alikuwa akichonga mipini ya majembe. Na Mzee Shekiondo, Mzigua, fundi cherehani na mtu wa msikiti. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, na mtani, kama mjuavyo, ana haki ya kukutukana wewe na babu yako, nawe huna haki ya kukasirika. Wazee hawa walikuwa wakiitumia haki hiyo kila siku tangu kabla sijazaliwa.

"Mzigua! Bado hujauzwa tu?"

"Nani ataninunua, na wapagazi mmeitupa mizigo mmekimbia?"

"Mimi nakuchukua. Kwa kibaba cha mahindi, kama bei ya babu yako mwaka wa njaa."

"Nipime vizuri, mpagazi. Mimi vibaba viwili, na nguo zangu mbali."

Siku moja karani mgeni kutoka bara alisimama akitetemeka, akamuuliza muuza kahawa kama polisi wako karibu. Muuza kahawa akamwambia, "Bwana, hao ni watani. Siku ukisikia wanasalimiana kwa adabu, hapo ndipo ukimbilie polisi."

Mzee Shekiondo alikuwa na mama yake, Bi Mwanakombo, mkongwe asiyejua umri wake wala asiyetaka kuujua. Yeye alimwita Mzee Petro "mzigo wangu". Mzee Petro akipita, bibi huita kutoka dirishani, "Mzigo wangu, umekula?" Naye hujibu kwamba hajala tangu Wazigua waje duniani. Kisha huingia ndani akala.

Ndipo yakaja mambo ya kura na kujitawala.

Mtaa ukagawanyika pande mbili. Vyama vyenyewe vilikuwa na majina marefu yasiyoingia hata kwenye kadi, lakini sisi tuliwaita Haraka na Taratibu. Haraka walitaka tujitawale sasa hivi, kesho tumechelewa. Taratibu walitaka twende hatua kwa hatua, tusome kwanza, tusije tukaanguka. Ukiwasikiliza kwa makini, na mimi nililazimika kuwasikiliza maana nilikuwa chini ya pembe, wote walitaka kufika Korogwe. Waligombana kama wapande gari moshi la asubuhi au la jioni tu. Lakini nani alikuwa akisikiliza kwa makini? Taratibu waliandika ukutani kwamba haraka haraka haina baraka. Kesho yake Haraka wakaandika chini yake kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mithali hizo zimekaa nyumba moja miaka yote bila kukosana, leo zinatukanana ukutani kwa chokaa.

Mimi niliona jinsi ugomvi ulivyokuwa ukikua, kwa sababu kila upande ulikodi pembe ileile. Jumamosi kwa Haraka, Jumapili kwa Taratibu. Haraka waliniambia niielekeze pembe upande wa nyumba za Taratibu, "wasikie dawa yao". Taratibu nao wakataka ielekee kwa Haraka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia niielekeze kwa watu wake waliokuja kumsikiliza. Na nikaona jambo jingine: mtu akisema na jirani yake uani, humtazama usoni, akiona amemuumiza hulegeza. Lakini pembe haina macho. Mtu anayesemea kwenye maiki humwona aliyeko mbele anayepiga makofi tu. Yule anayeumia yuko nyumbani kwake, ameshika mlango.

Mambo yakawa ya kuchekesha na ya kusikitisha kwa pamoja. Muuza kahawa alilazimika kununua birika la pili, maana Haraka hawakunywa iliyotoka kwenye birika la Taratibu, ingawa bomba la maji lilikuwa moja. Kinyozi akiuliza, "Nikunyoe vipi?" mteja hutazama kwanza nani wako dirishani, asije akanyolewa kichwa cha upande mwingine. Bwana Gulamali aliitwa mtu wa Haraka siku ya Jumamosi na mtu wa Taratibu siku ya Jumapili, akasema kwa hesabu hiyo siku tano zilizobaki ni mtu huru.

Mzee Petro alikuwa Haraka. Mzee Shekiondo alikuwa Taratibu. Na bado asubuhi walikaa benchi moja wakauzana kwa vibaba, na kila aliyewaona alisema moyoni, maadamu hawa wapo, hatujafika pabaya.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mkutano wa Haraka kwenye uwanja wa mpira. Katibu wao, kijana anaitwa Salimu, alikuwa amesoma hotuba ya kurasa nyingi hata jua likabadili upande. Watu walikuwa wakipiga miayo kwa zamu. Wengine walianza kuondoka kwa staili ile ya kujifanya unamfuata mtoto. Nami nilikuwa na uchungu na kazi yangu. Sikupenda watu wawe wanalala chini ya pembe niliyoifunga mwenyewe. Mzee Petro alikuwa amekaa jukwaani kama mzee wa heshima, hakupangwa kusema. Nikamsogelea kwenye sikio.

"Mzee, wachangamshe kidogo. Mtanie mtani wako, kama asubuhi."

"Hapa?"

"Hapahapa. Watacheka."

Akashika maiki kama mtu aliyeshikishwa kuku asiye wake. Akasema, "Ndugu zangu, mnamjua mtani wangu Shekiondo? Babu zake Wazigua waliuzana kwa kibaba cha mahindi. Yeye juzi kaenda kwa Bwana Shauri akanywa chai. Basi jichungeni: huyu atatuuza sote kwa kikombe cha chai!"

Ni kweli Mzee Shekiondo alikuwa amekunywa chai kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipokwenda kumpima suti. Na ni kweli asubuhi ileile Mzee Petro alikuwa amemtania hivyohivyo kwenye benchi, neno kwa neno, na Mzee Shekiondo amecheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni. Lakini kwenye benchi walikuwa wawili. Uwanjani hapakuwa na mtani, palikuwa na umati. Umati haukucheka. Ulinguruma. "Anatuuza! Anatuuza!" Mzee Petro akanigeukia, maiki mkononi, uso umempauka. Alitaka kusema ni utani jamani, lakini nani angesikia? Na betri, kama kawaida yake, ikafa.

Nilipanda mnazi kufungua pembe nikijua nimefanya jambo, ila sijui ukubwa wake.

Kesho yake Taratibu walijibu. Pembe ileile, mnazi uleule, fundi yuleyule. Msemaji wao alisema Haraka wanaongozwa na wapagazi, na mpagazi hajui safari inakwenda wapi, anajua uzito tu. Huyo hakuwa Mzigua, hakuwa na utani na mtu. Alikuwa akitukana kavukavu.

Jumatatu asubuhi nilifungua duka. Mzee Petro alikuwepo benchini mapema. Mzee Shekiondo akaja, amevaa kanzu safi, hakukaa. Akainamisha kichwa.

"Habari za asubuhi, bwana Petro."

"Nzuri, bwana Shekiondo. Za nyumbani?"

"Salama, tunashukuru."

Akapita. Muuza kahawa akasimama na birika mkononi, kahawa inamwagika ardhini, haoni. Bwana Gulamali akazima redio. Jamani, nimesikia matusi ya kila namna maishani, kwa lugha sita, lakini sijasikia maneno yaliyoniumiza kama yale "tunashukuru".

Baada ya hapo vijana wa Haraka wakaanzisha mchezo wa kumwekea Mzee Shekiondo kikombe mlangoni. Kila alfajiri kikombe. Yeye alikuwa akiviruka njiani kwenda msikitini. Bi Mwanakombo ndiye aliyevikusanya, akaviosha, akavipanga dirishani, akaniambia siku moja nikipita, "Waambie wenzako wasisahau visosi. Wakiendelea hivi nitafungua mgahawa." Kisha akacheka, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mzigo wangu mzima? Mbona hapiti?"

Nikasema mzima, bibi. Nilikwenda nyuma ya duka nikajifanya natia maji kwenye betri.

Nilimweleza Bwana Gulamali. Nikamwambia, sisi tunatoa sauti, maneno ni ya wenyewe, lakini lile neno nililiomba mimi. Akanyoosha waya usiohitaji kunyooshwa. "Basi hiyo kanuni yangu ina tundu," akasema. "Kama suruali yako." Siku ileile alifunga swichi ndogo kwenye waya wa maiki, mahali pa mkono wa fundi. Ndiyo hiyo mnayoiona. Wateja huambiwa ni ya kulinda mashine.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kamati ya Haraka ikatoa azimio kwamba mwanachama asihudhurie shughuli ya Taratibu, iwe harusi, iwe hitima. Taratibu nao wakatoa lao, maneno yaleyale, nadhani walinakili. Na Alhamisi moja asubuhi Bi Mwanakombo akafariki. Alikuwa amemaliza uji wake, akasema umezidi sukari, akalala, hakuamka.

Sasa mnajua desturi. Msiba wa Mzigua bila mtani ni kama ndoa bila shahidi. Mtani ndiye anayekuja kuvuruga: hulia kwa uongo, huiba kuku, huzuia shughuli mpaka akombolewe, na wafiwa hupata mahali pa kuchekea katikati ya machozi. Mzee Shekiondo hakutuma mtu kwa mtani wake. Alisema tu, "Msimsumbue bwana Petro, ana shughuli za chama."

Hakuna aliyenituma. Nilipanda baiskeli ya duka nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta Mzee Petro anachonga mpini. Salimu, yule katibu, alikuwa amekaa karibu yake akimsomea gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mdigo. Mbona umevua kofia?"

"Bi Mwanakombo ameondoka. Wanazika adhuhuri."

Kisu kikasimama. Salimu akakunja gazeti. "Pole sana, mzee," akasema, "lakini azimio unalijua. Wewe ni mzee wa chama. Ukienda, vijana watasema nini?"

"Na mimi niliyemwita mtani wangu muuza watu mbele ya uwanja mzima," Mzee Petro akasema, haikuwa kwa Salimu, ilikuwa kwa mpini, "nitaingia kwake kwa uso upi?"

Nikasema, "Mzee, neno lile nililiomba mimi. Twende tukaseme hivyo."

Akanitazama. "Wewe uliniomba. Nami nilikuwa na mdomo wa kukataa."

"Basi twende wote. Wakitupiga, tugawane."

Nadhani hiyo ndiyo iliyomwinua. Akafunga shati vifungo vyote, akakaa nyuma ya baiskeli, na rozari yake shingoni, mpini bado mkononi, amesahau kuuacha. Salimu alibaki amesimama na gazeti lake.

Makaburini wachimbaji walikuwa wamemaliza, wamekaa pembeni wanafuta jasho, wakisubiri maiti itoke msikitini. Wote Taratibu. Nje, kando ya barabara, walikuwa wametawanyika watu kumi na kitu, kofia zimeshushwa usoni, kama wanaosubiri basi, ingawa basi halijapata kupita pale. Mzee Petro aliwapita wachimbaji bila salamu, akafika ukingoni mwa kaburi, akaingia. Akajilaza chali, mikono kifuani.

"Mzee Petro!" mchimbaji mmoja akasema. "Toka. Hilo si lako."

"Mimi mpagazi. Nimetoka mbali, nimechoka, nimeona kitanda. Nimelala."

Wakaitana. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja, akachungulia, akaona rozari, akaamua kuyatazama mawingu kwa makini, kama mtu aliyeagizwa ayalinde. Halafu jeneza likafika, na mbele yake Mzee Shekiondo, macho mekundu. Watu wakampisha. Akasimama ukingoni akatazama chini.

"Bwana Petro," akasema kwa adabu ileile. "Tafadhali inuka, tumzike mama."

"Bwana nani?"

"Unataka nini nikukomboe? Chukua kuku."

"Sitaki. Kuku wenu wembamba kama Wazigua wenyewe."

"Basi mbuzi."

"Sitaki mbuzi."

"Unataka nini wewe mtu?"

"Nataka unitukane."

Wale wasubiri basi wakanyoosha shingo.

"Miezi mitatu," Mzee Petro akasema kutoka shimoni, na sauti ilianza kumvunjika, "miezi mitatu unaniita bwana. Bwana, bwana, kama karani wa posta. Nimekonda. Mama yako alikuwa ananiita mzigo wake, na sasa kanyamaza, na mimi sikupita dirishani kwake kwa aibu. Nani ataniita tena? Nitukane, Shekiondo. La sivyo tufukieni wawili, na bibi akilalamika kwamba ninakoroma, shauri lenu."

Mzee Shekiondo alipiga magoti. Niliona midomo inacheza, haitoi kitu, kama ile mashine kabla haijapata moto.

"Mpagazi," akasema.

"Hilo si tusi. Hiyo ni kazi."

"Mpagazi wee! Babu yako alibeba pembe za tembo kutoka bara mpaka Pangani, akafika akasahau alichobeba, akaziuliza zenyewe njia ya kurudi!"

"Endelea."

"Ulikuja Tanga kukata mkonge, mkonge ukakukata wewe! Umekula kwa mama yangu miaka thelathini na tumbo lako halina shukrani, mpaka leo linashuka kaburini kabla yake, linaogopa kukosa nafasi!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mwingine naye. Mwalimu wa chuo mabega yalikuwa yakimtikisika, macho bado mawinguni. Mzee Shekiondo alikuwa analia na kucheka kwa uso uleule.

"Lile la chai," Mzee Petro akasema polepole.

"Lile la chai lilikuwa zuri," Mzee Shekiondo akajibu. "Lilikuwa letu. Wewe ukaenda ukawapa watu wasiojua kulicheza."

"Nisamehe, mtani."

"Toka kwanza kwenye kitanda cha mama yangu."

Akampa mkono akamvuta juu. Jeneza lilipofika ukingoni, mikono ya kuteremsha ikaonekana michache, na ndipo wale wa barabarani walipoingia, mmoja mmoja, wakiangalia chini. Walipoinua nyuso wakatambuana. Ilikuwa kamati nzima ya Haraka, kila mmoja amekuja kwa siri akiwakwepa wenzake. Salimu alikuwa wa mwisho, na gazeti kwapani. Hakuna aliyesoma azimio.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Mzee Shekiondo kwamba wazo la uwanjani lilikuwa langu. Akasema, "Najua. Petro hana akili ya kupanga." Akatembea hatua chache. "Lakini usilale nalo tena. Umekuja na baiskeli, umefanya ya kutosha."

Msidhani mtaa ulipona siku ile kama mtoto aliyemeza dawa. Haraka waliendelea kuwa Haraka na Taratibu wakaendelea na utaratibu wao. Ukutani chokaa ipo. Lakini vikombe mlangoni vilikoma, maazimio yote mawili yakafa bila hitima, na birika la pili muuza kahawa alimpa mkewe akapandia maua. Watu walibishana, tena sana, ila walibishana wamekaa. Mimi nadhani mtu hamchukii jirani kwa sababu wanatofautiana. Humchukia akianza kusikia habari zake kutoka mbali. Huo ni mtazamo wa mtu wa darasa la nne, mnaweza kuukataa.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa mkutano wa Taratibu, Jumapili, uwanja uleule. Nilipanda, nikafunga, nikashuka, nikawasha, nikahesabu mpaka mia. Msemaji alikuwa Mzee Shekiondo. Mbele walikaa Taratibu. Nyuma kabisa, kwenye mstari wa goli, walisimama Haraka na Mzee Petro wao, wamekuja kuzomea kidogo, kama ilivyo haki ya kila raia. Katikati palikuwa na uwanja mtupu, nyasi tu.

Mzee Shekiondo alishika maiki, akaitazama, akanitazama.

"Kijana, nikikizima hiki, wale wa nyuma watasikia?"

"Hawatasikia, mzee."

"Basi watasogea," akasema. "Zima."

Nilibonyeza swichi. Akaanza kusema kwa sauti yake mwenyewe, ya fundi cherehani, ndogo, yenye kukwaruza. Nyuma wakapiga kelele, "Hatusikii!" Hakujibu, aliendelea. Mzee Petro ndiye aliyepiga hatua ya kwanza, mkono sikioni, akilalamika kwamba Wazigua hata kusema wanapima kwa kibaba. Salimu akamfuata, maana huwezi kumzomea mtu usiyemsikia. Wakaja wote, wakajaza zile nyasi, wakabanana na wa mbele bega kwa bega, kila mmoja akimwambia mwenzake nyamaza tusikie.

Nami nilikaa juu ya sanduku la mashine, sina kazi, kwa mara ya kwanza tangu nianze.

Hotuba ilikuwa mbaya sana. Hakuna aliyeondoka.